Mshenga wa Bwawa la Kumi na Mbili

Jina la Mshenga alipewa kwa kejeli, naye akalipokea kama cheo. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa wifi yake, mchuuzi wa samaki sokoni. Siku hiyo wifi alifika kwenye kituo cha kuzalishia samaki kununua perege, akamkuta mke wa kaka yake ameinama juu ya beseni, mkono mmoja umeshika dume, mwingine umeshika daftari, anatikisa kichwa peke yake.

"Siyo huyu," alikuwa anasema. "Huyu ni binamu yao. Namtaka wa nyumba ya tisa."

"Wifi," mchuuzi akauliza, "unawaozesha?"

"Nawaozesha."

"Na mahari je?"

"Mahari ni kukua haraka. Asiyekua haoi."

Kicheko kilichotoka hapo kilifika sokoni kabla ya samaki wenyewe. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita Mshenga wa samaki, na baada ya miezi michache "wa samaki" likadondoka, likabaki Mshenga tupu. Hata mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda chake pembeni ya barabara, akaanza kumwita hivyo ndani ya nyumba. Mwenyewe akaitika.

Lakini hakuanzia kwenye kuozesha. Alianzia kwenye ufagio. Aliajiriwa kituoni akiwa na miaka ishirini na nne, elimu yake darasa la saba, kazi yake kufagia ofisi, chumba cha kutotoleshea mayai, na njia za saruji zilizopita katikati ya mabwawa kumi na mawili. Mtafiti wa kituo alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye wote walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumpa mtu hata kidonge. Wiki ya pili Daktari alikuwa amesimama bwawani, maji yamemfika kiunoni, akamwona anapita.

"Binti, niletee hapa!"

Akampelekea ufagio.

"Ufagio wa nini? Nimesema hapa!"

Akauweka ufagio chini, akasogea mwenyewe, mikono mitupu, akasimama ukingoni. "Nimefika, Daktari."

"Sikukuita wewe! Hapa! Zile tatu, ziko stoo!"

"Hapa wapi?"

Ilibidi mlinzi aje kusuluhisha, ndipo ikaeleweka kwamba hapa ni jina la kile chandarua chenye umbo la sanduku kinachofungwa kwenye vigingi ndani ya maji, ili samaki wa familia moja wasichanganyike na wa nyingine. Daktari alicheka mpaka akameza maji ya bwawa. Siku hiyo hiyo akamwambia akunje sketi aingie amsaidie kufunga. Aliingia, na tukisema ukweli, hakutoka tena.

Alijifunza kwa mikono kwanza. Jike la perege huatamia mayai mdomoni. Mshenga alijifunza kumshika bila kumbana, kumfungua taya kwa kidole, na kumsuuza mdomo juu ya beseni mpaka mayai ya manjano yamwagike. Alijifunza kumpunguza dume ncha ya mdomo wa juu, maana dume la perege lina hasira za bure na huwang'ata majike hadi kuwaua. Alijifunza kupenyeza chini ya ngozi ya tumbo kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba yake, ambacho ukikipitishia kisomeo kinakuambia samaki huyu ni nani, baba yake nani, mama yake nani. "Samaki anajua ukoo wake kuliko sisi," alimwambia mumewe usiku mmoja. Mumewe akajibu kwamba yeye afadhali asijue, maana kwao walikuwa na mjomba mmoja wa aibu.

Akili ya kazi ilifuata baadaye. Daktari na wenzake walikuwa wamekusanya perege kutoka mito na mabwawa mengi, wakapata familia sitini. Watoto wa kila familia walilelewa, wakapimwa, na wale waliokua vizuri zaidi ndio waliochaguliwa kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata. Mshenga aliona ni jambo rahisi, mpaka siku alipojaza ndoo kwa samaki thelathini wakubwa kuliko wote na kumpelekea Daktari kwa fahari.

Daktari alipitisha kisomeo juu ya kila mmoja, akaandika, kisha akamgeuzia daftari. "Wametoka familia ngapi hawa?"

Akahesabu. "Tatu."

"Basi leo tumefurahi. Mwakani wanaoana ndugu na ndugu. Baada ya miaka michache tuna samaki wa uti wa mgongo uliopinda, wasiotaga, ugonjwa ukigusa mmoja umewamaliza wote. Tunachukua wazuri wa kila nyumba, siyo nyumba moja nzuri. Umeelewa?"

Alielewa. Kuanzia hapo hakuna aliyemshinda kwa ukoo wa samaki. Alizijua familia sitini kama wengine wanavyowajua majirani: hii hukua haraka lakini ina mayai machache, ile ni ya wavumilivu, ile nyingine madume yake ni wakorofi kuanzia babu.

Na kulikuwa na bwawa la kumi na mbili. Lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na uzio, na samaki wake walikuwa wa kawaida tu, watoto wa wajukuu wa wale wa kwanza kabisa. Huko hakuna aliyechaguliwa. Wazazi wao waliokotwa kwa kura: Daktari alitumbukiza vikaratasi vya namba kwenye kopo, akafumba macho, akachota. Walikula chakula kile kile na kunywa maji yale yale. Wafanyakazi wenzake waliwaita "wale wa bure." Mshenga mwenyewe aliwahi kuwacheka. Daktari hakucheka. "Hawa," alisema, "ndio ushahidi wetu. Ukiwapoteza hawa, umepoteza midomo yetu ya kusemea."

Daktari alistaafu kizazi cha kumi kikiwa kinaanguliwa. Samaki waliochaguliwa walikuwa wameacha mbali wale wa kura, na wafugaji wa mbali walikuwa wanakuja kuchukua vifaranga. Siku ya kuaga alimkabidhi Mshenga madaftari yote mbele ya wafanyakazi, akasema maneno machache kuhusu mtu aliyeingia majini kwa ajili ya neno moja la Kiswahili, watu wakacheka, naye Mshenga akatazama pembeni ili machozi yasionekane. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini.

Meneja mpya alikuja miezi miwili baadaye. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Alikuwa na shati lililonyooka, kompyuta ndogo, na bodi iliyomkaba koo ionyeshwe maendeleo ndani ya mwaka. Alitembea mabwawa yote asubuhi moja, mchana akaita kikao kwenye ukumbi mdogo wenye feni isiyozunguka.

"Tumepata kampuni ya vifaranga," alisema. "Vifaranga vilivyothibitishwa, vinakua haraka. Tunahitaji nafasi. Kwa hiyo: bwawa la kumi na mbili linamwagwa, wale samaki wauzwe kwa kilo. Na hizi familia sitini ni mzigo, vyandarua vinakula muda na watu. Chukueni wakubwa kabisa katika zote, muwaweke bwawa moja, wazaane wenyewe. Hatuwezi kuendesha kituo kama ofisi ya ndoa."

Watu wakacheka, wakamtupia macho Mshenga. Yeye akainuka.

"Meneja, samahani. Wakubwa kabisa mwaka huu ni wa nyumba nne. Ukiwaweka peke yao umewaozesha ndugu."

"Ni samaki, mama. Hawana haya."

"Haya hawana. Damu wanayo."

Meneja akafunga kompyuta taratibu. "Hii ni amri, siyo mjadala. Utaanza Jumatatu."

"Sitaanza."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa kuiharibu kazi. Kazi yenyewe sijaikataa, nimeifanya miaka ishirini na sita."

Jumatatu ilipofika alikuta barua ya onyo mezani, na chini yake barua nyingine fupi inayomhamisha kutoka kwenye mabwawa kwenda usafi. Akaenda stoo, akachukua ufagio, akaanza kufagia. Wenzake waliona aibu kumtazama. Yeye hakuona aibu. Alifagia njia zote, na kila alipofika bwawa la kumi na mbili ufagio wake ulikuwa mzito kidogo, hauondoki haraka.

Nyumbani mumewe alikuwa anakarabati gurudumu sebuleni, maana mvua ilikuwa inanyesha kibandani.

"Mke wangu," akasema, "hao samaki wakubwa nawaelewa. Mtu anapigania kitu kizuri. Lakini hawa wadogo wa bwawa la mwisho, wa kura, wewe unaingia vitani kwa ajili yao kwa nini? Wana faida gani?"

"Mteja akileta baiskeli ukaitengeneza, akaipanda, ikakimbia, utajuaje ni mkono wako uliofanya ikimbie?"

"Si inakimbia?"

"Labda njia ilikuwa mteremko."

Fundi akasimamisha gurudumu.

"Ili ujue," Mshenga akaendelea, "unachukua baiskeli nyingine ambayo hujaigusa, unaiweka kwenye mteremko ule ule, siku ile ile. Ya kwako ikiipita, ni mkono wako. Zikienda sawa, ni mteremko. Meneja anasema samaki wetu wanakua kwa sababu ya chakula kizuri. Bila wale wa bure, nitamjibu nini? Nitamwambia niamini tu?"

Mumewe akaweka spana chini. "Sasa," akasema, "wakikufukuza?"

"Wanifukuze mimi. Samaki wabaki."

"Ee bwana," fundi akasema, akirudi kwenye gurudumu. "Miaka yote natafuta breki zinazoshika hivyo."

Siku ya kumwaga bwawa ilipangwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Fundi wa mabwawa, mtu mzima mwenye heshima zake ambaye alianza kazi mwaka mmoja na Mshenga, alipewa jembe na koleo la kung'olea mbao za mlango wa kutolea maji. Na mnunuzi aliyeitwa kuchukua samaki kwa kilo hakuwa mwingine ila wifi, na mabeseni yake manane na mkokoteni.

Walipofika walimkuta Mshenga ameketi kwenye mlango wa maji, juu ya mbao zenyewe, miguu imezama kwenye tope, ufagio umelala magotini.

"Mama," fundi wa mabwawa akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimetumwa tu."

"Najua. Sina ugomvi na wewe."

"Basi sogea kidogo."

"Sisogei ng'o."

Meneja akaja mbio, suruali ikiloa umande. "Mama, unajua hili linaitwa nini kwenye kanuni za kazi?"

"Liite unavyotaka. Mbao ziko chini yangu, na mimi ni mzito. Magoti yangu mabovu. Nikishakaa, kuinuka ni kazi ya mchana mzima."

Watu wakaanza kukusanyika kwenye uzio. Meneja akamgeukia mchuuzi. "Wewe ni ndugu yake. Mwambie."

Wifi alikuwa na kila sababu ya kumwambia. Alikuwa amelipia mkokoteni, na sokoni wateja walikuwa wanamngoja. Tena katika miaka yote hiyo yeye na wifi yake hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, iwe ni malezi, iwe ni namna ya kuanika nguo. Akasogea mpaka ukingoni, akamtazama Mshenga aliyejaa tope, akauliza: "Umekunywa chai?"

"Bado."

"Nilijua." Kisha akamgeukia Meneja. "Baba, mimi nimenunua samaki wa kila aina. Waliofia kwenye barafu nimenunua, waliokanyagwa na pikipiki nimenunua. Lakini samaki aliyekaliwa na wifi yangu, hapana. Huyo ana mikosi. Atafutwe mnunuzi mwingine." Akapakia mabeseni yake manane, akaondoka, na baada ya robo saa akarudi na birika la chai na vikombe viwili, akaketi ukingoni.

Ni mwenyekiti wa bodi aliyemaliza shauri hilo, maana kufikia saa tano habari ilikuwa imemfikia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mfugaji wa samaki yeye mwenyewe, mtu wa maneno machache. Alifika na fimbo yake, akasimama akawasikiliza wote wawili bila kuwakatiza, kisha akamuuliza Mshenga: "Unataka nini?"

"Miezi mitano na bwawa moja. Vifaranga mia tatu wa familia zetu, mia tatu wa hapa kumi na mbili, mia tatu wa kampuni ya Meneja. Wenye umri mmoja, maji mamoja, chakula kimoja. Mwisho tuwapime mbele ya watu. Wetu wakishindwa, nitafungua huu mlango kwa mikono yangu."

Mwenyekiti akamtazama Meneja. "Na wewe unaogopa?"

Mtu akiulizwa hivyo mbele ya umati anajibu nini? "Siogopi," Meneja akasema, na wala hakuwa anajitutumua. Alikuwa na hakika na vifaranga wake.

Waliwatia alama kwa mapezi: wa familia walikatwa kipande cha pezi la tumboni la kulia, wa kura la kushoto, wa kampuni wakaachwa kama walivyo. Mwalimu wa hesabu kutoka shule ya jirani akaombwa awe shahidi, asiye wa upande wowote. Mshenga akabaki na ufagio wake, haruhusiwi kulisha. Aliyewalisha alikuwa fundi wa mabwawa, vipimo vile vile, asubuhi na alasiri. Lakini hakuna kanuni iliyomkataza mfagiaji kutazama maji.

Na alichokiona mwezi wa kwanza kilimchoma. Samaki wasio na alama ndio waliokuwa wanapanda juu kwa wingi chakula kikimwagwa, migongo mipana, wenye nguvu. Vifaranga wa kampuni walikuwa wazuri kweli. Meneja alipita, akasimama kando yake, wakatazama pamoja.

"Unaona?" akasema kwa upole.

"Naona," Mshenga akasema. "Sijafumba macho."

Usingizi ulimpaa siku hizo. Alianza kujiuliza kama miaka ishirini na sita ilikuwa ukaidi wa mtu asiyejua kushindwa. Lakini kila asubuhi alivaa, akaenda.

Mwezi wa tatu hali ya hewa iligeuka. Kwa siku nne jua halikuonekana, mawingu mazito, baridi, upepo hakuna. Maji ya bwawa yaligeuka rangi, yakakosa hewa, na asubuhi ya siku ya nne samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatweta kama watu waliopanda mlima. Fundi wa mabwawa alifungulia maji mapya haraka. Hata hivyo, walipomaliza kuokota waliokufa, wengi mno kati yao walikuwa na mapezi yote mawili ya tumboni. Meneja aliokota pamoja nao, mikono ya shati imekunjwa. Mshenga naye aliweka ufagio chini, akaokota. Samaki aliyekufa hafurahishi, awe wa nani.

Siku ya kupima bwawa lilikokotwa wavu mara tatu. Uwanja wa kituo ulijaa wafugaji, wafanyakazi, bodi nzima, wifi na wenzake wa sokoni, fundi baiskeli aliyefunga kibanda kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa wa mama yake. Samaki waligawanywa kwa alama, wakapimwa mmoja mmoja, na mwalimu wa hesabu akaandika ubaoni kwa mwandiko wa darasani.

Uzito wa wastani ulitoka kwanza. Wa kura, gramu mia mbili na kumi. Wa familia, mia tatu arobaini. Wa kampuni, mia tatu hamsini na tano.

Uwanja ukanong'ona. Fundi wa mabwawa akamsogelea Mshenga. "Hawa wawili wamekaribiana mno," akamnong'oneza. "Mwambie mwalimu aseme wako sawa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Mshenga akasema. Kisha akapaza sauti, kila mtu amsikie: "Samaki mmoja mmoja, wa kampuni wamewazidi wa kwangu. Mwalimu, andika kwa chaki kubwa. Halafu hesabu waliobaki."

Mwalimu akahesabu. Wa kura walibaki mia mbili sabini na mmoja. Wa familia mia mbili sitini na wanane. Wa kampuni mia moja na sabini tu. Akazidisha, akaandika, akajikagua, akaandika tena: kwa jumla samaki wa familia kilo tisini na moja, wa kampuni kilo sitini, wa kura kilo hamsini na saba.

Mwenyekiti akasogea karibu na ubao, akaunyooshea fimbo mstari wa chini. "Hawa wadogo wamekula kile kile?"

"Kile kile," Meneja akajibu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa kavu lakini hakukwepa. "Kwa hiyo siyo chakula. Ni damu."

"Na hawa wa kampuni?"

"Ni samaki wazuri," Mshenga akasema kabla Meneja hajajibu. "Wamechaguliwa kwenye maji ya wengine, ndiyo maana maji yetu yamewashinda. Wetu wamechaguliwa humu humu, mawingu haya ndiyo yaliyowalea wazazi wao. Ukinipa madume wachache wa kampuni waliobaki, waliopita kwenye zile siku nne wakiwa hai, nitawapokea kwa mikono miwili. Nitawatafutia nyumba."

Bodi ikaamua siku hiyo hiyo: familia zibaki, bwawa la kumi na mbili libaki. Wifi akapiga kigelegele ambacho kilimshtua mwenyekiti.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini kanuni za kazi hazijui vigelegele. Wiki iliyofuata Meneja alimwita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi.

"Mama, mimi nataka yaishe," akasema, na alimaanisha. "Saini hapa kwamba ulikosea kukaidi amri na kukalia mlango wa maji. Basi. Unarudi kwenye mabwawa, na nafasi ya msimamizi nakupa wewe."

Mshenga aliisoma karatasi, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu. "Nisaini kwamba nilikosea? Mizani imesema nini?"

"Mizani ilipima samaki, mama. Haikupima nidhamu."

Alilikubali jibu hilo kuwa jibu la mtu mwenye akili. Aliiwaza nafasi ya msimamizi, aliyoifanya kazi yake kwa miaka bila kuwa na jina lake. Aliwaza magoti. Kisha akaomba kalamu, na chini ya maneno yaliyochapwa akaandika kwa mkono wake wa darasa la saba, herufi kubwa zilizosimama wima: *Nilikataa. Nikiambiwa tena, nitakataa tena.* Hapo ndipo akatia saini.

Meneja aliichukua karatasi, akaisoma. "Unajua hii inakwenda kwenye faili lako."

"Iende. Usiikunje tu, isije ikachanika."

Alisimamishwa kazi mwezi mmoja. Aliporudi alirudishwa mabwawani, maana hakukuwa na mwingine wa kuzisoma familia, lakini nafasi ya msimamizi ilipewa fundi wa mabwawa, ambaye aliona haya kuipokea na kila siku alimuuliza Mshenga leo tufanye nini. Kwenye makaratasi yeye alibaki mfanyakazi wa usafi mpaka mwisho. Liliuma. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba liliuma kuliko alivyotegemea. Lakini hakuwahi kuomba ile karatasi irudishwe.

Madume kumi na wawili wa kampuni waliosalimika kwenye mawingu aliwapa majike wa nyumba za wavumilivu. Watoto wao wakawa familia ya sitini na moja hadi ya sabini na mbili, na Meneja mwenyewe aliziandika daftarini kwa wino, akiuliza kila mara kama ameandika sawasawa. Alijifunza. Alipohamishwa baada ya miaka miwili, aliomba aondoke na vifaranga mia tano, akapewa, kutoka nyumba kumi na tano tofauti, kwa maana sasa alijua kuomba hivyo.

Aliyekuja badala yake alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, aliyesoma mafaili yote kabla hajasalimia mtu. Siku ya tatu alimfuata Mshenga ukingoni mwa bwawa la nne, akasimama juu yake na faili chini ya kwapa.

"Nimesoma kwamba wewe ni mkaidi."

Mshenga alikuwa majini mpaka kiunoni, ameshika jike lenye mayai mdomoni. Hakuinua uso. "Umesoma vizuri."

"Na kwamba ukiambiwa tena utakataa tena."

"Inategemea nimeambiwa nini," Mshenga akasema. "Vua viatu, uje ushike hili beseni. Mayai hayangoji."

Yule mwanamke akasimama kidogo, faili likiwa mkononi, akitafuta pa kuliweka. Hapakuwa na meza wala kiti. Akaliweka chini kwenye majani, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.